Kubana na Kulegeza: Yoga na Tiba ya Viungo kwa Nyonga za Wanawake

Miongoni mwa maradhi yasiyoua, hapana yafichwayo na wanawake kwa sitara kubwa kuliko maradhi ya nyonga: mkojo uponyokao mtu akohoapo au achekapo, haja imshikayo ghafla ikamshinda kabla hajafika msalani, kizazi kishukacho hata akahisi kana kwamba kitu kimeketi njiani, na maumivu ya kitandani yasiyotajwa hata kwa mume mwenyewe. Kwa mwanamke wa Kiislamu wa pwani yetu, ushahidi wa kwanza wa maradhi hayo aghalabu hutoka katika udhu wake, uvunjikao mara kwa mara pasipo yeye kukusudia. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani, mwenye kutokwa na mkojo bila hiari huhesabiwa kuwa na udhuru wa kudumu: hujitoharisha, hujifunga kitambaa, akatia udhu baada ya wakati wa sala kuingia, na kila faradhi huitilia udhu mpya. Hukumu hii ni ya rehema, kwani humwezesha kuswali pamoja na dhiki yake. Walakin mwanamke aliyekwisha kuipata ruhusa hiyo huweza kukaa nayo miaka na miaka, akaacha kwenda tarawehe, akajinyima maji tangu jana yake anapokuwa na safari ya basi, akachagua kanga za rangi nzito ziwezazo kuficha doa, wala asitokee mtu wa kumwambia kwamba udhuru huo, kwa wengi waupatao, unatibika, na kwamba tiba yake ya kwanza haina kisu wala kidonge.

Tiba hiyo ni mazoezi. Lakini mazoezi yenyewe siku hizi hutolewa na watu wa namna mbili wasiosikilizana sana, nao ni wataalamu wa tiba ya viungo, yaani fiziotherapia, na walimu wa yoga. Na katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, na hata Nairobi na Dar es Salaam kwa wenye uwezo, wamezuka watu wazichanganyao sanaa hizi mbili katika darasa moja. Je, mchanganyiko huo una maana, au ni biashara tu iliyovishwa nguo ya elimu? Muradi wa uchambuzi huu ni kulitazama swali hilo kwa pande zake, na kuonyesha kwamba jibu lake halitegemei sana ubora wa sanaa hii au ile, bali lategemea jambo moja ambalo pande zote mbili hulisahau kwa wepesi, nalo ni kama msuli wa mwanamke husika umelegea au umejifunga.

Tuanze na maumbile yenyewe. Chini ya fupanyonga, kuanzia mfupa wa kinena kwa mbele hadi kifandugu kwa nyuma, umetandazwa utando wa misuli kama machela, na juu yake vimelazwa kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mpana. Matabibu huuita misuli ya sakafu ya nyonga. Njia tatu zapita katikati yake, ya mkojo, ya uzazi na ya haja kubwa, na kazi ya misuli hiyo ni kuzifunga njia hizo wakati wa kufungwa na kuziachia wakati wa kuachiwa. Nyuzi zake nyingi ni za polepole, zenye kustahimili kazi ya kutwa nzima bila kuchoka, na chache ni za haraka, ziitikazo mara mtu anapopiga chafya au anapoinua ndoo. Wala misuli hii haifanyi kazi peke yake: kila mtu avutapo pumzi, kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka, viungo vya tumbo vikasukumwa, na sakafu ya nyonga nayo ikashuka kidogo kuvipokea, atoapo pumzi, vyote hupanda pamoja. Jambo hili la pumzi msomaji na aliweke moyoni, maana ndipo mahali ambapo yoga na tiba ya viungo zimekutana kwa haki.

Maumbile haya hupatwa na msukosuko mkubwa katika uzazi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipoigiza uzazi kwa kompyuta mwaka 2004, walikuta kwamba sehemu ya ndani ya msuli huu, ile iliyo karibu zaidi na njia, hulazimika kunyooka zaidi ya mara 3 ya urefu wake ili kichwa cha mtoto kipite, kiasi ambacho msuli mwingine wa mwili usingeweza kukistahimili bila kukatika. Ajabu basi si kwamba baadhi ya wanawake huumia. Ajabu ni kwamba wengi hupona. Fauka ya uzazi kuna kukoma kwa hedhi, kuna kikohozi cha muda mrefu, kuna kujikamua chooni kwa sababu ya choo kigumu, na kuna mizigo mizito ya kila siku, ambayo kwa mwanamke wa kwetu ni ndoo ya maji kichwani na kuni mgongoni, pengine kabla hata ya arobaini kutimia.

Tiba ya viungo iliingia katika mambo haya kwa mlango usiotarajiwa. Mwaka 1936, Margaret Morris, Mwingereza mcheza dansi aliyesomea pia tiba ya viungo, alitoa kitabu cha mazoezi ya wazazi na ya waliopasuliwa, kwa ushirikiano na Minnie Randell wa Hospitali ya St Thomas' ya London, na ndani yake mlikuwamo kubana na kulegeza misuli ya nyonga. Lakini jina lililokuja kuenea duniani ni la Arnold Kegel, tabibu wa wanawake wa California, ambaye mwaka 1948 alichapisha makala yake mashuhuri juu ya kuirudishia nguvu misuli hiyo kwa mazoezi. Watu wengi waliochukua jina lake hawakuchukua chombo chake. Kegel alitengeneza kipimo cha mpira, kilichounganishwa na saa ya kuonyesha shinikizo, ambacho mwanamke alikiingiza ndani na kuona kwa macho yake kama amebana kweli na kwa kiasi gani. Na alifanya hivyo kwa kuwa aliona mapema kwamba wanawake wengi, wakiambiwa kwa maneno tu, hawaupati msuli wenyewe. Dunia ikahifadhi neno la kubana, ikatupa kipimo.

Hasara ya kukitupa kipimo ilidhihirika mwaka 1991, Richard Bump na wenzake huko Marekani walipowajaribu wanawake 47 kwa kuwapa maelezo mafupi ya mdomo kisha wakawapima. Takribani nusu yao tu, yaani asilimia 49, walifanya zoezi kama ipasavyo, na robo walifanya kinyume chake, wakisukuma chini badala ya kuvuta juu, jambo liwezalo kuuzidisha ugonjwa. Ukisoma basi katika gazeti au kusikia redioni kwamba kila mwanamke na abane mara kadhaa kwa siku akiwa jikoni au ndani ya daladala, jua kwamba mshauri huyo, kwa nia njema kabisa, huenda anamwongezea mmoja katika wanne maradhi aliyo nayo.

Kinachofanyika mbele ya mtaalamu ni tafauti. Mwanamke hulazwa chali, magoti yamekunjwa, shuka juu ya mapaja. Mtaalamu, ambaye katika jambo hili ni heri awe mwanamke, huomba idhini, kisha kwa kidole kimoja chenye glavu huupapasa msuli kushoto na kulia na kumwambia avute ndani na juu, kama mtu azuiaye upepo na mkojo kwa wakati mmoja. Hupima nguvu kwa madaraja kuanzia 0 hadi 5, huhesabu sekunde ambazo msuli wastahimili, huhesabu marudio, kisha hutaka mibano ya haraka haraka. Makosa huonekana papo hapo: huyu abana makalio, huyu azuia pumzi, yule aingiza tumbo hata mbavu zikatokeza. Na kuna mazungumzo ambayo kila mfanyakazi wa kazi hii ameyazoea. "Haya sasa legeza, mama." "Nimelegeza, dada." "Bado, mama yangu, bado umeshika." Mwanamke hushangaa, maana kwa hisia zake mwenyewe alikwisha kuachia; na mshangao huo ni habari kubwa kuliko hesabu ya madaraja, kwa sababu tutakazozifikia.

Ushahidi wa tiba hii ni wenye nguvu kuliko ushahidi wa dawa nyingi zilizomo kabatini. Mnorwei Kari Bø, ambaye ameitumikia elimu hii kwa miongo kadhaa, mwaka 1999 alitoa pamoja na wenzake jaribio lililolinganisha mazoezi ya misuli hiyo, kusisimua kwa umeme, vitu vizito viwekwavyo ukeni, na kutofanya lolote, mazoezi yakashinda. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio 31 yenye wanawake 1,817 kutoka nchi 14, yalikuta kwamba miongoni mwa wenye mkojo uponyokao kwa kukohoa na kuinua vitu, waliofanya mazoezi walisema wamepona kwa asilimia 56, ilhali wasiotibiwa ni asilimia 6 tu. Kwa kizazi kilichoshuka, jaribio la Suzanne Hagen na wenzake lililotolewa mwaka 2014, lenye wanawake 447, lilionyesha kwamba mazoezi hupunguza dalili, ingawa hayakirudishi kizazi kilichokwisha kutoka kabisa. Mwongozo wa Uingereza wataka mwanamke afanye angalau mibano 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3, chini ya usimamizi. Waliokonga nao pia hufaidika, na pengine kwa upesi usiodhaniwa: Janis Miller na wenzake wa Michigan walionyesha mwaka 1998 kwamba wanawake wazee waliofundishwa kubana kidogo kabla tu ya kukohoa waliweza katika muda wa wiki moja kupunguza sana mkojo uliotoka, kabla msuli haujapata wasaa wa kuongeza nguvu. Kumbe kasoro yao ilikuwa ya wakati kuliko ya nguvu.

Sasa yoga. Walimu wake hupenda kusema kwamba Wahindi waliyajua haya yote karne nyingi kabla ya Kegel, na hushika mula bandha kuwa hoja yao, yaani ule mkazo wa msamba ulioelezwa katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15 kinachonasibishwa na Svatmarama. Ni kweli kwamba kitabu hicho kinamwamrisha mtu kukandamiza hapo kwa kisigino, kubana na kuvuta juu. Lakini mwenye insafu hana budi kuongeza kwamba kilielekezwa kwa zahidi mwanamume aliyeacha dunia, ambaye muradi wake ulikuwa kuigeuza pumzi ya chini ipande na kuushinda uzee, wala mzazi aliyechanika hakuwamo katika fikira yake. Yoga ifundishwayo leo kwa wanawake ni zao la karne ya 20: la Swami Kuvalayananda aliyefungua Kaivalyadhama huko Lonavla mwaka 1924 akaanza kuipima yoga kwa vyombo vya maabara, la Krishnamacharya katika kasri la Mysore, la mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar, aliyeingiza matofali, mikanda na mito ili hata mwili mgumu uweze kukaa katika mkao. Na la Geeta, bintiye Iyengar, aliyeandika kitabu kizima kwa ajili ya wanawake, akagawa mikao ya wakati wa hedhi, wa mimba na wa baada ya kujifungua. Kwa maoni yangu huyu wa mwisho ndiye wa kutajwa kwanza inapotajwa yoga ya uzazi, ingawa matangazo ya biashara humruka na kukimbilia wazee wa karne ya 15, kwa kuwa ukale huuza.

Ama ushahidi wa yoga, ni mdogo, na mwenye kusema vinginevyo hasemi kweli. Mwaka 2013 Kari Bø na Robert Herbert walipitia mazoezi yote yaliyodaiwa kufaa badala ya mazoezi mahsusi ya sakafu ya nyonga, wakahitimisha kwamba hapakuwa na dalili thabiti ya kuyategemea. Mwaka 2019 mapitio ya Cochrane juu ya yoga na kutokwa na mkojo yalipata majaribio 2 tu, yenye wanawake 49 kwa jumla. Kisha mwaka 2024 likatolewa jaribio kubwa la Alison Huang na wenzake wa California: wanawake 240, wenye miaka 45 na zaidi, nusu wakafundishwa yoga iliyoteuliwa kwa ajili ya nyonga, nusu mazoezi ya kawaida ya kunyoosha na kuimarisha mwili, madarasa mara 2 kwa wiki na siku moja ya kujifanyia nyumbani, kwa wiki 12. Waliofanya yoga walipungukiwa na matukio ya mkojo kuponyoka kwa kadiri ya 2.3 kwa siku. Habari hiyo ilishangiliwa. Wachache waliendelea kusoma mpaka mstari wa pili, usemao kwamba wale wa mazoezi ya kawaida walipungukiwa na 1.9, na kwamba tafauti baina ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo mno kuwa hoja.

Je, jaribio hilo ni kushindwa kwa yoga? Mimi silisomi hivyo. Nalisoma kuwa lathibitisha kwamba mwanamke wa makamo akitoka katika kukaa, akakutana na wenzake kwa ratiba, akaujua mwili wake na kuushughulisha kwa wiki 12 mfululizo, nyonga zake hufaidika. Na lathibitisha kadhalika kwamba ndani ya yoga hamna siri ya pekee iliyokosekana kwingine. Lakini mtu anayejua jinsi mazoezi ya tiba yanavyoachwa ataona thamani ya jambo hilo la kwanza. Ugonjwa wa tiba ya viungo ni upweke wake. Mwanamke hupewa karatasi yenye michoro, huambiwa abane mara 8, mara 3 kwa siku, afanye hivyo nyumbani peke yake, bila kuonekana wala kusifiwa. Wiki ya kwanza hufanya, ya pili hukumbuka usiku, na ya tatu karatasi imefungiwa karanga. Yoga ina saa, ina mkeka, ina mwalimu, ina shoga wa kuuliza "mbona jana hukuja?" Kudumu ndiko kutibuko, na katika kuwadumisha watu yoga ina ustadi ambao hospitali haijaupata.

Sababu ya pili ya kuzichanganya sanaa hizi ndiyo iliyo nzito zaidi, nayo yaturudisha kwa yule mama aliyedhani amelegeza. Wapo wanawake, wala si wachache, ambao misuli ya nyonga zao haikudhoofu bali imejifunga, ikawa imekazika mchana na usiku kwa sababu ya maumivu ya zamani, kovu la kuongezwa njia, hofu, kukaa kwa mkazo, au mambo mabaya waliyotendewa. Dalili zao huwadanganya watu, kwani msuli uliokazika muda wote huchoka, nao mchovu hushindwa kuzuia mkojo kama afanyavyo dhaifu. Ila pamoja na mkojo huja maumivu ya tendo la ndoa, choo kisichotoka, na haja ya kukojoa kila saa. Mwanamke wa namna hii akiambiwa "bana" hupewa sumu yake mwenyewe kwa kijiko. Anachohitaji ni kufundishwa kuachia, na kuachia, kinyume cha watu wanavyodhani, ni kazi ngumu kuliko kubana, kwa maana haiamrishwi. Huandaliwa mazingira ikaja yenyewe.

Hapo yoga ina hazina ya kweli. Mtazame mwanamke aliyepiga magoti juu ya mkeka, magoti yamepanuliwa, makalio yameelekea visigino, kifua juu ya mto na paji la uso chini: tumbo limeachwa, hamna wa kumwangalia, na kila avutapo pumzi taratibu hadi mbavu za nyuma zikapanuka, kiwambo hushuka na sakafu ya nyonga hushuka nacho bila kulazimishwa. Mwalimu ajuaye hamwambii "legeza". Humwambia aipeleke pumzi mgongoni, akangoja. Baada ya dakika chache humlaza chali, miguu ukutani, na baada ya hapo, kwa yule mwenye kuhitaji nguvu pia, humwinua makalio katika mkao wa daraja, akimtaka atoe pumzi kwanza, abane kwa kuvuta juu wakati pumzi ikitoka, ashikilie kwa kadiri ile aliyopimwa na mtaalamu, kisha ashuke na kuachia kwa muda mrefu kuliko aliobana. Katika zoezi hilo moja mna hesabu ya tiba na pumzi ya yoga, na huwezi kuzitenga bila ya kuliharibu.

Si kila mwalimu ajuaye. Madarasani hutolewa maagizo ya kudhuru, kama kuingiza tumbo saa nzima, kushika mula bandha katika kila mkao hata wa kupumzika, au kuzuia pumzi katika mikao ya kuinua miguu yote hewani, ambayo huongeza shinikizo la tumbo na kulishusha lote juu ya kizazi kilichoanza kulegea. Mwenye mimba, ambaye viungo vya nyonga yake vimelainishwa na homoni, husifiwa kwa kunyumbuka ilhali kunyumbuka huko ndiko kwa kutahadhari.

Pingamizi la itikadi halifai kupitwa kimya, maana katika pwani yetu ndilo litakalotajwa kabla ya ushahidi wowote. Baraza la Fatwa la Malaysia liliikataza yoga kwa Waislamu mwaka 2008, na mwaka uliofuata wanazuoni wa Indonesia wakakataza ile yenye nyiradi na ibada za Kihindu, wakaiachia ile iliyo mazoezi ya viungo tu. Saudi Arabia nayo mwaka 2017 iliikubali kuwa ni mchezo miongoni mwa michezo. Makanisa kadhaa pia yana wasiwasi wao. Nionavyo, mwalimu atakaye kufundisha wanawake wa Lamu au Pemba hana haja ya kubishana juu ya hilo hata kidogo: na aache nyimbo, aache majina ya Kisanskriti, aache kukunja viganja kifuani, na hapo hatakuwa amepoteza lolote katika tiba, kwani msuli haujui lugha. Pumzi ndefu na magoti yaliyokunjwa si mali ya dini yoyote.

Isitoshe, pwani yenyewe ina elimu yake ya nyonga, ambayo wachanganyaji wa kileo wangefaidika kuijua. Kungwi na somo walimfundisha mwali kukata kiuno akiwa amelala mkekani, kuzungusha nyonga bila kukaza mgongo, kusogeza upande huu na kuutuliza ule. Na ngoma ya unyago, ambayo marehemu Bi Kidude aliitia umashuhuri wa dunia kutoka Unguja, ilikuwa darasa la wanawake watupu, lenye mwalimu mzee, lililofanywa kwa sitara. Arobaini ya mzazi, kwa kumkanda maji moto na kumzuia asibebe mizigo, iliipa misuli iliyonyooka muda wa kurudi. Walakin urithi huo nao una dosari zake. Mkaja ukikazwa mno tumboni, shinikizo lake huelekea chini, kule kule kulikojeruhiwa. Na mafunzo ya kiuno yalikusudiwa zaidi starehe ya mume kuliko salama ya kibofu cha mke. Mbaya kuliko hayo ni biashara ya kubana iuzwayo madukani na mitandaoni, ya shabu na vidonge vya kuingiza, ambayo hukausha na kuchubua ngozi laini ya ndani pasipo kuongeza nguvu ya msuli hata kidogo, na ambayo kwa mwenye nyonga zilizojifunga huongeza maumivu juu ya maumivu.

Kuna wasiohusika kabisa na mazoezi haya mpaka wapite kwingine kwanza. Aliyepata uchungu wa siku nyingi, kisha akawa hatokwi na mkojo kwa matone bali humwagika usiku na mchana, ana fistula, yaani tundu la ndani, na tundu haliitikii mazoezi. Hufungwa kwa upasuaji, ambao kwa Dar es Salaam hospitali ya CCBRT huufanya bila malipo, na tangu mwaka 2009 ilianza kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa ili umbali usiwe kizuizi. Baada ya tundu kuzibwa baadhi yao huendelea kuponyokwa na mkojo, na hapo ndipo mtaalamu wa viungo huwa na kazi kubwa. Kadhalika mwenye damu katika mkojo, mwenye kutokwa na damu baada ya hedhi kukoma, na aliyekufa ganzi ghafla baina ya mapaja pamoja na kushindwa kukojoa, hao na waende kwa tabibu siku hiyo hiyo, mkeka utawangoja.

Linalobaki ni swali la watu na zana, kwa kuwa wataalamu wa viungo waliosomea nyonga ni wachache mno kwetu, na wengi wao wako mijini. Ikiwa ndivyo, kumtaka kila mwanamke ahudhurie kwa mtaalamu wiki 12 ni kutaka yasiyowezekana, na kumwachia mwalimu wa yoga asiyejua kupapasa wala kupima ni kurudi kule kwa robo ya wanawake wasukumao chini. Njia ya kati yaonekana wazi: mkunga wa kliniki, katika mahudhurio ya wiki ya 6 baada ya kujifungua, ambayo yakaribiana na arobaini yenyewe, afundishwe kuuliza swali moja juu ya mkojo na jingine juu ya maumivu, ajue kupima kwa kidole kama alivyojua kupima njia ya uzazi, na aandike katika kadi ya mama, ambayo leo imejaa habari za mtoto, kama msuli umelegea au umejifunga. Mwenye kulegea apelekwe katika darasa la kubana kwa pumzi. Mwenye kujifunga apelekwe katika darasa la kuachia, wala asibane hata mara moja mpaka maumivu yapungue. Madarasa hayo aweza kuyaongoza mwalimu wa yoga, au kungwi aliyefunzwa, barazani au kwa simu, kwani hata lile jaribio la California liliendeshwa kwa njia ya video wakati wa korona. Baada ya wiki 12 mkunga apime tena. Na yule ambaye daraja lake halikupanda, wala maumivu yake hayakushuka, arudi kwa tabibu atazamwe upya, maana huenda tangu mwanzo aliwekwa katika darasa lisilo lake.